Kigoda Hakikuwa cha Mgeni

Nilimshika mzee wa Kizungu mkono nikamwinua kutoka kwenye kigoda cha Bwana, mbele ya kanisa zima, Jumapili ya Meza ya Bwana. Sikumvuta. Baadaye watu walisema nilimvuta, wengine wakaongeza kwamba nilimsukuma, na habari ilipofika sokoni Ukunda nilikuwa tayari nimempiga kofi. Nilimshika kiwiko, nikamwambia, "Samahani baba, hapa hapakaliwi," naye akainuka upesi kama mtu aliyekalia jiko. Uso ulimwiva. Hakuwa na kosa lolote. Alikuja kusali, akaelekezwa benchi la mbele, kisha mtoto akamjia, akamshika mkono na kumwongoza. Nani hukataa kushikwa mkono na mtoto?

Mtoto mwenyewe ni wangu. Ana miaka saba na pengo mbele, na siku hiyo alitabasamu kwa pengo lote. Alimketisha yule mzee, akamtandazia leso mabegani, akarudi nyuma kidogo akapiga goti jepesi, kama walivyofundishwa. Kwaya ya watoto iliendelea kuimba nyuma yake. Kanisa likapiga makofi, na kuna aliyetia kigelegele. Mchungaji alikuwa amesimama nyuma ya mkate na kikombe. Alicheka kicheko kile cha mtu asiyejua atazame wapi.

Basi nikainuka mimi.

"Mama, keti," mzee mmoja wa kanisa aliniambia nilipokuwa nampita.

"Kamwambie huyo aliyeketi," nikamjibu.

Mgeni alipoinuka, niliichukua leso mabegani mwake, nikaikunja, nikamgeukia mwalimu wa kwaya aliyesimama kando ya kinanda.

"Mwalimu, nani aliyewafundisha watoto kumketisha mtu hapa?"

Akanionyesha meno. "Sista, ibada inaendelea. Tutaongea."

"Ibada ya nani?"

Nyuma kuna waliocheka. Mtoto wangu hakucheka. Alinitazama, akaitazama leso mkononi mwangu, akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikambeba nikatoka naye. Sikushiriki Meza siku hiyo. Ibada ilipokwisha yule mzee wa Kizungu alinifuata chini ya mwarobaini ambako watu huegesha pikipiki, mikono ameikutanisha kifuani, akasema, "Pole, pole sana." Nikamwambia pole ni zangu kwake. Katika watu wote waliokuwa mle ndani, ni yeye peke yake aliyeniomba radhi.

Asiyesali kwetu hawezi kujua nimekasirikia nini, kwa hivyo nitaeleza.

Sisi ni Waduruma wa kule ndani, upande wa Kinango, ambako mvua ikikosa misimu miwili mfululizo ng'ombe husimama kwa kuegemeana. Mama yangu alikuwa msichana wakati wa kiangazi kimoja ambacho kanisa lao la udongo halikuwa na mkate wala divai, wala mtu wa kuvileta. Siku ya Meza ya Bwana akina mama walileta walichokuwa nacho, sima ndogo iliyopikwa na maji ya bwawa yaliyochujwa kwa kitambaa. Halafu bibi mmoja akaenda kwake, akatoa kigoda chake jikoni, akakileta na kukiweka chini, mbele ya meza. Akasema kama chakula chenyewe ni hiki basi na aje mwenyewe tule naye, tusije tukamsengenya kwamba ametusahau. Hakuna aliyekikalia. Wakaimba pale pale, na wimbo huo haukuandikwa na mtu wala hauna mwenyewe:

Bwana Yesu, keti nasi,
maji ni haya haya,
sima ni hii hii,
kigoda ni chako.

Wanawake wale waliposhuka pwani kutafuta kazi ya kufua mashuka kwenye mahoteli, walishuka na wimbo wao na kigoda chao. Cha kanisani kwetu kilichongwa hapa hapa Diani, cha mbao nzito, kifupi. Akina mama hukipaka mafuta kwa zamu. Kigoda changu cha jikoni kimechimbika katikati kwa kukaliwa. Hicho cha kanisani ni bapa kama siku kilipotoka kwa seremala, kwa kuwa kabla ya Jumapili ile hakikuwahi kukaliwa na mtu. Hajakikalia mchungaji, hajakikalia mbunge aliyekuja kuomba kura, hajakikalia bibi harusi. Siku ya Meza ya Bwana watoto hukibeba kutoka mlangoni wakiimba, wakakiweka kitupu mbele ya Meza, wakarudi mahali pao. Kwisha. Mtoto akiuliza kwa nini hakuna anayekaa, anaambiwa: kwa sababu si chetu.

Hivyo ndivyo mama yangu alivyoniambia, na ndivyo nilivyomwambia wangu.

Sasa hoteli iliingiaje kanisani kwetu? Iliingia na Krismasi. Mwalimu wetu wa kwaya ni kijana kutoka bara, mchangamfu, mwenye sauti nzuri, nami sitamnyima haki yake, watoto aliwafundisha wakafundishika. Siku za kazi yuko kwenye hoteli moja upande wa Galu, kwenye kikosi cha burudani, wale vijana wanaochezesha wageni asubuhi kando ya bwawa la kuogelea na kuongoza shoo jioni. Alituomba sisi wazazi watoto wakaimbe nyimbo za Krismasi hotelini. Tukakubali. Mimi pia nilikubali, tena nilimfulia mtoto wangu joho lake na kulipiga pasi. Watoto wakarudi na keki midomoni, na furaha ikawa yetu sote.

Krismasi ikapita, lakini gari la hoteli halikupita. Kila Ijumaa mchana linakuja kuwachukua. "Mazoezi," tukaambiwa. Kanisani zikatokea spika mbili kubwa kama makabati, kisha kinanda kipya, na mchungaji akaombea spika na kinanda kwa machozi. Nani atauliza swali mbele ya spika mpya? Mimi niliuliza, katika ushirika wa akina mama, watoto wanaimba nini huko kila wiki. Nikaambiwa nijihadhari na roho ya upinzani. Hiyo ndiyo dawa kanisani kwetu. Mtu akiuliza, mpe roho ya upinzani atanyamaza. Nikanyamaza.

Jumapili ile tulipofika nyumbani nilimwosha mtoto uso, nikamkalisha, nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi:

"Hebu nionyeshe mnavyofanya hotelini."

Uso ukang'aa. Watoto hawajui kununa kwa muda mrefu. "Baba awe mgeni!"

Baba yake alikuwa amekaa mlangoni akivua viatu. Naye anafanya kazi hoteli ile ile, jikoni, anamenya na kukata matunda na mboga, kwa kandarasi ya miezi inayoisha na kuandikwa upya. "Mimi nimechoka," akasema.

"Mgeni hakatai, baba!" Mtoto akaenda kuchukua kiti chetu kidogo cha plastiki, akakiweka katikati ya chumba, akamvuta baba yake mkono, akamketisha, akamvika leso yangu. Kisha akarudi nyuma, akaanza kuimba, na kiuno akitikisa:

"Mgeni wetu, keti nasi..."

Alipofika "maji ni haya haya" akanyoosha mikono yote miwili upande wa mtungi wetu wa maji, vidole vikichezacheza.

"Hapo unaonyesha nini?" nikamuuliza.

"Bwawa la kuogelea. Wageni hucheka sana hapo."

"Na sima?"

"Sima imetolewa. Tunasema hakuna matata."

Niliwazia yule bibi na maji yake ya kuchuja. Nikajizuia. "Na kwa nini mnasema mgeni wetu? Wimbo unasemaje?"

Akaacha kucheza. Akatazama mlango, akanisogelea, akaweka mdomo sikioni mwangu, na kwa sauti ndogo kabisa akasema, "Bwana Yesu."

"Mbona unaninong'oneza?"

"Mwalimu alisema tusilitaje. Kuna wageni hawalipendi. Ukilitaja unarudishwa kwenye gari, unakaa peke yako mpaka wenzako wamalize."

"Kuna aliyewahi kurudishwa?"

Alichezea ukingo wa gauni lake. "Mimi. Nilisahau nikaimba ule wa zamani."

Sasa nieleze jambo jingine. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo mtoto wangu alikuwa akiombea chakula kwa njia ya ajabu. Sala yote kwa sauti, halafu akifika kwenye jina la Yesu anashusha sauti mpaka midomo tu inacheza, kisha "Amina!" kwa nguvu. Mimi nilidhani ni unyenyekevu. Nilimwambia baba yake, tazama mtoto alivyo na heshima. Kumbe ananong'ona jina la Mwokozi wake kama watoto wengine wanavyonong'ona matusi, kwa kuwa amejifunza kwamba ukilitaja unaadhibiwa.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha plastiki na leso mabegani, hatazami mtu.

"Wewe ulijua?"

"Dirisha la jikoni linatazama bwawani," akasema.

"Sikukuuliza dirisha linatazama wapi."

"Niliona wakicheza. Maneno hayasikiki vizuri, kuna mashine ya barafu." Akavua leso. "Siku moja nilimwona ndani ya gari peke yake. Nilidhani ametapika."

"Ukaenda kumwona?"

Mtoto ndiye aliyenijibu, bila kinyongo hata kidogo: "Alinipungia mkono."

Sitaandika niliyomwambia mume wangu jioni hiyo. Kuta zetu ni nyembamba, na walio jirani wanayajua tayari.

Kwa hakika wanayajua, maana kesho yake asubuhi nilipokwenda kununua mahamri kwa jirani yangu, mama wa Kidigo anayepika barazani pake, hakuningoja hata nifike.

"Shikamoo dada," nikamwamkia.

"Marahaba, mpiga wageni!"

"Sikumpiga."

"Najua hukumpiga. Ungempiga ningesikia mimi kutoka hapa." Akageuza hamri kwenye mafuta, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wajua walikuja na kwetu?"

"Nani?"

"Hao hao, wa shati za maua. Walitaka watoto wa chuo chetu cha Kurani wakasome kaswida kwenye usiku wao wa Waswahili. Na dufu walitaka. Na vilemba! Watoto wetu hata vilemba hawavai, wakasema watashonewa. Mwalimu wa chuo aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa na chai. Halafu akawaambia, mkitaka kusikia kaswida karibuni Maulidi, ni bure, na pilau mtakula. Hotelini haiji."

"Wakasemaje?"

"Wakanywa chai wakaenda. Ndipo walipokwenda kwenu." Akanifungia mahamri kwenye gazeti. "Usinune, mdogo wangu. Nimekwambia tu."

Sikununa. Niliungua. Mwalimu wa chuo, mzee asiye na spika hata moja, aliwaza kwa muda wa kikombe cha chai akaona walichokuwa wakinunua. Sisi na mchungaji wetu mwenye cheti cha theolojia ukutani tuliona kinanda tu.

Siku chache baadaye niliitwa ofisini, kile chumba kilicho nyuma ya kanisa. Mchungaji alikuwa mezani na mwalimu wa kwaya amekaa pembeni na shati lake la maua la kazini, miguu ameinyoosha.

"Bwana asifiwe, mama," mchungaji akasema.

"Amina. Asifiwe kwa jina lipi?"

Akavuta pumzi. Mchungaji wetu si mtu mbaya. Huzika watu wetu, hutembelea wagonjwa hospitalini Msambweni kwa pikipiki yake hata mvua ikinyesha. Ndiyo sababu inaniuma zaidi. "Mama, mgeni yule alikuja kwetu kwa wema. Ulimwaibisha."

"Mimi na mgeni tumekwisha kuombana radhi, mchungaji. Tuzungumze watoto."

"Basi tuzungumze. Injili ina njia nyingi. Watoto hawa wanafika mahali ambapo mimi na Biblia yangu tungezuiwa getini."

"Ni kweli. Wewe utazuiwa kwa kuwa utalitaja jina. Wao wamepitishwa kwa kuwa wamekubali kutolitaja. Hiyo ni injili gani?"

Mwalimu akacheka. "Sista, punguza presha. Ile ni shoo. Kanisani tunaimba ya kanisani, hotelini tunaimba ya hotelini. Watoto wanajua tofauti."

"Jumapili walijua?"

"Kamoja tu ndiko kalikokosea," akasema, akainua kidole kimoja. "Kako. Wenzake wote walisimama mahali pao. Kwa hivyo kama kuna mzazi wa kuulizwa, si ni wewe?"

"Kangu hakakukosea. Kalifanya ulichokafundisha. Kaliona kigoda, kakaona Mzungu, kakamalizia."

"Wee, una maneno." Akamtazama mchungaji, akanitazama tena, na sauti akailainisha. "Na shemeji bado yuko jikoni pale kwetu? Muulize kandarasi yake inaisha lini. Nauliza tu."

Nilimgeukia mchungaji nione kama amesikia. Alikuwa amechukua simu yake na kuisoma, na simu ilikuwa imezimwa, nilijiona uso wangu kwenye kioo chake.

Mwisho akatoa uamuzi. Nisimame mbele ya kanisa niombe radhi kwa kuvuruga Meza ya Bwana. Na mtoto apumzike kwaya kwa muda.

"Apumzike nini? Amesema amechoka?"

"Kwa amani ya kanisa, mama. Ukiwa na lalamiko rasmi, utaratibu upo. Liandikie baraza la wazee." Alilisema huku akisimama, kama anayemwonyesha mtu mlango.

"Tena sista aandike kwa Kiswahili sanifu," mwalimu akaongeza. "Kidato cha nne si mchezo."

Nilimaliza kidato cha nne Kwale, na Kiswahili nilipata alama ambayo yeye hawezi kuiota. Sikumwambia. Nilitaka aisome.

Ilinibidi kwanza nimweleze mtoto. Alikuwa ameketi kibarazani akisugua joho lake kwenye karai, maana Ijumaa ilikuwa kesho na nilikuwa nimemzoesha kufua mwenyewe. Nikamwambia kwa sasa hatakwenda kwaya. Akatoa mikono majini.

"Ni kwa sababu nililitaja," akauliza, "ama ni kwa sababu sikulitaja?"

Hotelini alilitaja akafungiwa garini. Kanisani hakulitaja akatolewa kwaya. Watu wazima wawili, mmoja na kinanda na mwingine na kola, wamemfikisha mtoto wa miaka saba mahali ambapo Yesu ni kosa akitajwa na ni kosa asipotajwa, na dini aliyobaki nayo ni kutazama kwanza nani yupo chumbani. Mimi nimezaa mtoto nikamleta kanisani ili dunia isimfikie mapema. Nilikuwa naogopa disko za Ukunda, naogopa simu, naogopa vijana wa ufuoni. Dunia haikupita huko. Ilikuja na gari jeupe hadi mlango wa kanisa, ikafunguliwa, ikaombewa.

Nikatoa karatasi.

Mume wangu alirudi kazini akanikuta naandika. Akasimama nyuma yangu na kofia yake ya jikoni mkononi.

"Watajua ni mke wangu," akasema.

"Watajua."

"Kandarasi inaisha mwezi ujao."

"Najua inaisha lini. Nimekumbushwa."

Akaenda nyuma kuoga. Akakaa sana. Aliporudi, maji yakimchuruzika shingoni, aliusoma ukurasa wa kwanza, kisha akagonga karatasi kwa kidole. "Andika kwamba na baba yake alimwona ndani ya gari."

Nikamtazama.

"Lakini usiandike jikoni," akasema. "Andika tu alimwona."

Nilitaka kumcheka, nikataka kumlilia. Nimeandika hivyo hivyo alivyotaka. Ni nusu ya ushujaa, lakini ni yake, na jambo lenyewe ni la kweli.

Niliandika nakala mbili kwa mkono. Katibu wa baraza la wazee ana duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu, na nilimkuta akipima misumari. Nilimwamkia, nikampa. Akapangusa mikono.

"Hii ni ile ya kuomba radhi, mama?"

"Soma kichwa chake, mzee."

Akasoma. Akavaa miwani akasoma tena. Akaniuliza kama sitaki kwanza turudi tukazungumze na mchungaji kama watu wa nyumba moja. Nikamwambia tulikwisha kuzungumza, na kwamba utaratibu huu ni mchungaji mwenyewe aliyenionyesha. Akafungua mtoto wa meza, akatoa muhuri wa kanisa, akagonga nakala zote mbili, akanirudishia moja. Ninayo. Hii hapa, kama nilivyoipeleka:

Kwa Baraza la Wazee wa Kanisa,
kupitia kwa Katibu.

MINTARAFU: LALAMIKO JUU YA WATOTO WA KWAYA KUKATAZWA KULITAJA JINA LA YESU

Nawasalimu katika jina hilo hilo.

Mimi ni mshirika wa kanisa hili, nilibatizwa na kufungiwa ndoa ndani yake. Nalalamika rasmi kama ifuatavyo.

Watoto wetu wamekuwa wakipelekwa hotelini kila Ijumaa kuimba wimbo wa kigoda, ambao sisi huuimba mbele ya Meza ya Bwana tu. Sisi wazazi tuliombwa ruhusa ya Krismasi, hatukuombwa nyingine. Huko wamefundishwa kuliondoa jina la Bwana Yesu na kumweka mgeni mahali pake, na kumketisha mgeni huyo kwenye kigoda kwa makofi. Mtoto wangu alipokosea akaimba kwa usahihi, alitolewa kundini akakalishwa peke yake ndani ya gari. Baba yake alimwona.

Jumapili ya Meza ya Bwana mtoto huyo alifanya mbele yenu yale aliyofundishwa. Mkampigia makofi. Kisha akaadhibiwa yeye kwa kutolewa kwaya, na mimi nikatakiwa kuomba radhi. Mgeni nilimwomba radhi siku ile ile. Kanisa sitaliomba, kwa sababu kigoda hakikuwa cha mgeni, na hakuna mzee hata mmoja kati yenu aliyeinuka.

Sijalalamikia wageni wala hoteli. Wao walinunua kilichouzwa. Wala sikatai watoto kuimba popote. Waimbe hata bwawani, lakini waimbe walichofundishwa na kanisa, chote, au wasikiimbe.

Naliomba Baraza mambo haya. Wimbo wa kigoda usitoke tena kanisani. Mtoto wangu arudishwe kwaya, na aambiwe mbele ya wenzake kwamba hakukosa siku alipolitaja. Na mtu wa kumwambia asiwe mimi, wala mchungaji, wala ninyi wazee. Awe mwalimu aliyemfungia garini, na amfundishe wimbo ule upya kwa maneno yake ya kwanza. Asipoweza, asifundishe mtoto wa mtu kuimba katika nyumba hii.

Nyumbani kwangu mtoto bado hulitaja jina la Yesu kwa kunong'ona. Jibu lenu nitalisikia mezani, siku atakapolitaja kwa sauti akiombea chakula.

Ndimi mshirika wenu,
mama wa mtoto aliyekibeba kigoda.